Kutoka Lutindi Hadi Soba Hausi: Historia ya Makao ya Tiba ya Akili na Uraibu

Kabla hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili haijajengwa Afrika Mashariki, mtu aliyechanganyikiwa akahitaji kuangaliwa usiku na mchana alipelekwa kwa mganga, akalazwa huko huko. Katika miji ya pwani na vijiji vya bara, mganga mwenye sifa alikuwa na vibanda vya wagonjwa uani kwake, na kila mgonjwa alifuatana na ndugu, mara nyingi mama, dada au mke, aliyempikia, kumwogesha na kulala naye chumba kimoja. Tiba ilikuwa mafusho, dawa za kunywa na za kuoga, kombe la aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa na kunywewa, au ngoma ya pepo iliyochezwa usiku kucha mpaka pepo ataje jina lake na kusema anataka nini. Wengine walikaa siku saba, wengine mwaka mzima.

Haifai kuyapamba mambo hayo. Mgonjwa mkorofi alifungwa kamba au kutiwa mkatale, yaani gogo lililotobolewa tundu la mguu, na walikuwepo waliokaa hivyo miezi mingi. Familia nyingi zilimaliza mbuzi na akiba kwa kulipia tiba isiyoleta nafuu. Pamoja na hayo, utaratibu huo ulikuwa na jambo ambalo hospitali za baadaye zilichelewa sana kulipata: ndugu hakuachwa mlangoni. Aliyeushuhudia ugonjwa ndiye aliyeishuhudia nafuu, na siku ya kuondoka familia ilikwisha kuijua miiko ya mgonjwa wao na namna ya kukaa naye. Historia yote ya makao ya tiba katika eneo hili, ya akili na baadaye ya uraibu, inaweza kusomwa kwa kuangalia jinsi mgonjwa alivyotoka na nani alikuwa anamsubiri, zaidi ya jinsi alivyoingizwa.

Wakoloni walipofika walianza na jela. Mtu aliyevuruga amani ya mji alikamatwa na askari, akawekwa na wezi na wauaji, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumweka. Sehemu ya kwanza kujengewa utaratibu tofauti katika koloni la Kijerumani ilikuwa Lutindi, kwenye milima ya Usambara, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Korogwe. Mwaka 1896 chama cha Kiprotestanti kutoka Ujerumani, Evangelischer Afrika-Verein, kilianzisha hapo makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wa aina hiyo walipopungua, kituo kilibadilishwa kazi, na mwaka 1904 kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ikiendeshwa na mashemasi waliotoka Bethel.

Bila kuifahamu Bethel ni vigumu kuielewa Lutindi. Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeiongoza tangu mwaka 1872, aliikuza ikawa kama kijiji kizima chenye nyumba za kuishi, karakana, mashamba na kanisa. Imani yake ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyeharibika kiasi cha kukosa kazi ya kufanya, na kwamba kazi yenyewe humrudishia mtu mpangilio wa siku na heshima mbele ya wenzake. Wazo hilo lilipanda mlima wa Lutindi pamoja na mashemasi. Wagonjwa waliletwa wengine wakiwa wamefungwa, na tangu reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902 sehemu kubwa ya safari iliweza kufanywa kwa gari moshi, ikabaki ya kukwea kwa miguu. Huko juu walifunguliwa, wakapewa jembe, ng'ombe wa kuchunga, kuni za kupasua, maji ya kuteka.

Kazi hiyo ilikuwa na sura mbili, na zote mbili ni za kweli. Iliwaokoa wagonjwa na giza la selo na kuwapa hewa, chakula na watu wa kusema nao. Wakati huo huo ilikuwa kazi isiyo na mshahara katika koloni lililokuwa likiwalazimisha Waafrika wengine wengi kufanya kazi mashambani. Hata hivyo Lutindi haikufa na ukoloni ulioianzisha. Ilipita katika vita viwili vya dunia, ikaingia mikononi mwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na mpaka leo inapokea wagonjwa wa akili, ikiwa na bustani, mifugo, chai na karakana ambazo wagonjwa hufanya kazi humo. Ni taasisi chache Afrika zilizoendesha tiba ya aina moja, mahali pamoja, kwa zaidi ya karne.

Waingereza walifuata njia nyingine. Nairobi, mwaka 1910, walifungua makazi ya vichaa katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 yakapewa jina la Mathari. Sheria iliyotumika kuwapeleka watu huko iliazimwa kutoka India, ilikotungwa mwaka 1858, na ilihusu zaidi ulinzi wa jamii kuliko tiba: nani anaweza kukamatwa, nani atie sahihi, nani alipe. Wodi ziligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na wingi wa vitanda, chakula na nafasi vilifuata mpangilio huo huo. Tanganyika, baada ya kukabidhiwa kwa Waingereza, ilijengewa hospitali Dodoma mwaka 1927, ndiyo Mirembe. Baadaye ikaongezwa Isanga, kwa ajili ya watuhumiwa na wahalifu wenye ugonjwa wa akili. Uganda ilipata Butabika mwaka 1955.

Dodoma ilichaguliwa kukiwa na reli ya kati inayopita katikati ya nchi, na kwa mtawala lilikuwa jambo la maana: mgonjwa angeweza kuletwa kutoka Kigoma au Tabora kwa behewa moja. Kwa familia maana yake ilikuwa nyingine. Mkulima wa Kigoma hakuwa na nauli ya kwenda Dodoma kumtazama mwanawe, na barua zilimfikia iwapo tu palikuwa na mtu wa kuziandika na mwingine wa kuzisoma. Mwaka ukipita, nafasi ya mgonjwa nyumbani iliziba: shamba lilichukuliwa na kaka, mke aliolewa kwingine, watoto walikua wakiambiwa baba yao amefariki. Alipopata nafuu hakuwa na pa kurudi. Hospitali za namna hii zilijaa kwa sababu waliopona walibaki ndani, na kila aliyebaki alichukua kitanda cha anayekuja. Majina ya Mirembe, Mathari na Kidongo Chekundu, hospitali ya akili ya Unguja, yakawa matusi ya vijiweni, na matusi hayo yalimzuia mgonjwa kurudi kwao zaidi ya kuta.

Elimu iliyotawala wakati ule haikusaidia. John Colin Carothers, daktari aliyepewa kuiongoza Mathari mwaka 1938 bila kuwa na ujuzi maalumu wa magonjwa ya akili, aliandika kutokana na aliyoyaona humo kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata akaiandikia serikali ya Kenya maelezo ya vita vya Mau Mau kama tatizo la saikolojia. Watu aliowachunguza walikuwa wamefungiwa, mbali na kwao, wengi wakizungumza na daktari kupitia mkalimani. Kutoka kwa hao akatoa hukumu juu ya bara zima, na hukumu hiyo ikapewa muhuri wa sayansi ya kimataifa. Ni miongoni mwa madhara makubwa yaliyowahi kutoka katika wodi za Afrika Mashariki.

Jibu lilitoka Nigeria. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo, daktari Myoruba, alianza kazi Aro, karibu na Abeokuta, kwa mpango uliokuwa rahisi kuueleza na mgumu kuuthubutu. Mgonjwa alikuja na ndugu mmoja. Wawili hao walipangishiwa chumba katika vijiji vilivyoizunguka hospitali, ndugu akapika na kufua, mgonjwa akaenda kutibiwa mchana na kurudi kijijini jioni. Wanakijiji walifaidika kwa kodi na kwa huduma zilizoletwa na hospitali. Waganga wa jadi walishirikishwa kama washauri. Lambo alikuwa amechukua kile kilichokuwa kizuri uani kwa mganga, akakiunganisha na dawa za kisasa.

Dawa hizo ndizo zilizowezesha mengine yote. Chlorpromazine, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952, ilienea katika hospitali za Afrika kabla ya uhuru, ikifahamika zaidi kwa jina la dukani la Largactil. Baadaye ikaja sindano ya mara moja kwa mwezi. Mgonjwa aliyekuwa akifungwa mikono sasa aliweza kukaa mezani akala. Kwa mara ya kwanza kumrudisha mtu kwao kulikuwa jambo la kupangwa.

Tanzania ililipokea wazo la kijiji kwa moyo mkunjufu kuliko majirani zake, na haishangazi, kwa kuwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi nzima ilikuwa ikipangwa kwa vijiji. Vilianzishwa vijiji vya wagonjwa wa akili vya kilimo na utengamao, kimojawapo Hombolo, nje ya Dodoma, chini ya Mirembe, na kingine Vikuruti, kikihudumia Dar es Salaam. Mgonjwa aliyetulia alihamia huko, akalima, akafuga, akapika mwenyewe, akauza mazao. Muuguzi aliishi jirani kwa ajili ya dawa. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilitumika kujaribu kuiingiza huduma ya afya ya akili katika zahanati za kawaida, ili mtu apate sindano yake karibu na nyumbani.

Vijiji havikuua hospitali kubwa. Uchumi wa miaka ya 1980 ulipoporomoka, bajeti za dawa na mafuta ya magari zilikatika, watumishi wakapungua, na baadhi ya vijiji vikabaki na wakazi waliozeeka humo wakiwa hawana kwao. Ubaya haukuwa katika wazo. Kijiji cha namna hii kinahitaji gari la kumfikisha mgonjwa kwa ndugu zake, mtu wa kwenda kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji na majirani kabla hajafika, na dawa zisizokatika baada ya hapo. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyokatwa kwanza fedha zikipungua, kwa kuwa havionekani kama jengo linavyoonekana.

Kenya ililipa gharama ya kuegemea hospitali moja. Mwaka 2011 filamu ya televisheni ya CNN ilionyesha wodi za Mathari zikiwa zimefurika, na mwezi Novemba mwaka huo huo tume ya taifa ya haki za binadamu ikatoa ripoti kali juu ya hali ya huduma za akili nchini. Mwezi Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka kwa pamoja. Watu waliwacheka magazetini, kicheko cha aibu kabisa. Wagonjwa hao walifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angekifanya katika wodi ile.

Wakati huo pwani ilikuwa na janga jingine, na kutoka kwenye janga hilo kukazaliwa aina mpya ya makao. Heroini, unga kwa jina la mitaani, ilianza kuenea Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990, ikija kwa bahari kutoka Asia. Mwanzoni ilivutwa, kisha, kadiri aina nyeupe ilivyoingia, watu wakaanza kujidunga. Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 2000, watafiti waliandika kuhusu vipointi: mtu aliyekwisha kujidunga anavuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa ya kete, naye anajidunga damu hiyo ili kupunguza arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Waliofanya hivyo walikuwa hasa wanawake. Maumivu hayo yalikuwa makali kuliko woga wa virusi vya Ukimwi.

Hospitali za akili ndizo zilizopelekewa vijana hawa kwanza. Walilala wiki mbili Kidongo Chekundu au Mathari, mwili ukasafika, wakarudi mtaa ule ule na kijiwe kile kile, na kabla mwezi haujaisha wengi walikuwa wamerudia. Polisi walikamata, jela ikafundisha mengine. Malindi, katikati ya miaka ya 1990, kulianzishwa mradi wa Omari, wa kwanza kujulikana pwani ya Kenya kwa kuwahudumia watumiaji wa heroini, na baadaye ukawa na makazi yao ya kupata nafuu. Zanzibar hatua kubwa ilikuja mwaka 2009, watu waliokuwa watumiaji wenyewe walipofungua soba hausi ya kwanza, yaani nyumba wanamokaa waraibu wanaoacha unga, wakisaidiwa na wenzao waliopona kutoka mji wa Detroit, Marekani.

Asili ya mtindo huo ni ndefu. Mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, walevi wawili waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza daktari, na kutoka hapo ikatoka Alcoholics Anonymous na hatua zake kumi na mbili. Narcotics Anonymous ikafuata California mwaka 1953. Mwaka 1958, huko huko California, Charles Dederich alianzisha Synanon, nyumba ambayo waraibu waliishi pamoja na kuongozana wenyewe. Baadaye iligeuka kuwa himaya ya mtu mmoja, yenye vitisho na ukatili, lakini wazo la jumuiya inayojitibu lilienea dunia nzima. Zanzibar ililivalisha kanzu. Ile nguvu iliyo juu ya mtu, ambayo hatua hizo humwachia kila mmoja aielewe kwa namna yake, huku ni Mwenyezi Mungu moja kwa moja, na toba inaeleweka bila kufafanuliwa.

Siku ya soba hausi huanza kwa adhana ya alfajiri. Baada ya sala kuna usafi, na kila mmoja ana zamu yake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani: wa kufagia, wa vyoo, wa jikoni. Mgeni hulala chumba cha jirani na wakongwe kwa siku za arosto, ambazo huwa za kuharisha, kutetemeka, kuumwa mifupa na kukosa usingizi, na anayemkanda miguu usiku ni kijana aliyeyapitia hayo hayo miezi michache nyuma. Mgeni haruhusiwi simu, wala kutoka peke yake. Kisha ni vikao: mtu anasimama, anataja jina lake, anasema yeye ni mraibu, wenzake wanamkaribisha, anaeleza. Mwingine huja na uongo wa miaka kumi ulionyooka kabisa, na wanaomsikiliza wanautambua mara moja kwa kuwa waliwahi kuusema. Kwa kawaida mtu hukaa miezi mitatu au minne. Anayemaliza huweza kubaki kama msaidizi, na wengi wa viongozi walipanda hivyo.

Nguvu ya nyumba hizi na udhaifu wake vinatoka sehemu moja. Mtu aliyepona anajua asichokijua daktari, lakini hajasomea ugonjwa wa akili, na waraibu wengi wana sonona au ugonjwa mwingine unaohitaji dawa. Ndiyo maana usimamizi umekuwa ukikazwa. Kenya iliipa nguvu NACADA, mamlaka yake ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa sheria ya mwaka 2012, nayo imewahi kufunga vituo visivyotimiza masharti. Tanzania Bara ina sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 na mamlaka inayoratibu soba hausi, ambazo katika lugha ya serikali huitwa nyumba za upataji nafuu. Zanzibar imejenga kituo chake cha serikali cha tiba na marekebisho ya tabia huko Kidimni.

Kando ya soba hausi kumesimama methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Mathari ilianza mwishoni mwa 2014, Zanzibar mwaka 2015, na Dodoma huduma ikawekwa Itega, chini ya Mirembe. Kwa kawaida mraibu hufika kila siku, hunywa kikombe chake mbele ya mfamasia, huenda zake kazini. Baadhi ya watu wa soba hausi waliichukia mwanzoni, wakisema ni kubadilisha unga kwa unga. Hoja hiyo haina nguvu: methadoni hupunguza vifo na maambukizi, na huwafikia watu ambao hawawezi kuacha familia miezi minne. Kwa upande mwingine, anayekunywa methadoni na kulala kijiweni bado anahitaji pa kulala. Njia mbili hizi zinahitajiana.

Gharama ndiyo inayoamua mengi. Methadoni katika kliniki za umma ni bure. Soba hausi nyingi hutegemea ada inayolipwa na familia kila mwezi, chakula kikiwemo, na mama anayeuza vitumbua hulipa awamu ya kwanza kwa kuuza kitu, akashindwa ya pili ikiwa mtoto atarudia. Na nyumba hizo karibu zote ni za wanaume. Wa kiume hutafutiwa soba hata kwa kukopa. Wa kike hufichwa ndani kwa kuogopa aibu, au hufukuzwa na kuishia mikononi mwa wanaomtumia. Makao ya wanawake katika pwani nzima ni machache mno, yenye nafasi ya kukaa na mtoto mchanga ni machache zaidi, na hapo ndipo fedha za umma zinapopaswa kwenda kwanza.